UZI: Natengeneza programu huria ya kupanga picha kwa laptopu ya GB 4, karibuni tuichambue

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi utakuwa mrefu mnivumilie, nimekaa na hii kazi miezi minane peke yangu, usiku usiku nikitoka kibaruani, na sasa nimefika mahali nahitaji macho ya watu wengine, wanaojua C++ na zaidi wale wanaoishi na picha nyingi kila siku.

Chanzo chake ni mama mdogo. Ana studio, chumba kimoja na kibaraza, anapiga pasipoti, harusi, kipaimara, mahafali, tangu enzi za mkanda. Laptopu yake ya mtumba, RAM GB 4, hadidiski ile ya kuzunguka, ndani kuna picha 60,000 na ushee kwenye folda zenye majina kama HARUSI JUMAMOSI, HARUSI JUMAMOSI MPYA, HARUSI JUMAMOSI MPYA YENYEWE. Sasa kinachotokea ni hiki. Mtu amefiwa usiku, saa moja asubuhi yuko kibarazani macho mekundu, anasema mama naomba picha ya marehemu, alipiga hapa kwako kwenye harusi ya mdogo wake, mwaka sikumbuki vizuri. Inatakiwa ya kuweka mbele ya jeneza na ya kwenye kile kitabu cha ibada, mazishi saa nane. Mama mdogo anaanza kufungua folda moja moja na laptopu inaganda. Siku moja nilikuwepo, ikachukua mpaka saa tano na yule kaka amekaa tu kwenye benchi kashika simu. Usiku wa siku ile ndio nilianza kuandika.

Mpaka leo anatumia Picasa. Wengi mnaikumbuka, Google waliinunua 2004 na mwaka 2016 wakaachana nayo, ila ukiwa nayo kwenye mashine bado inafunguka. Shida ni kwamba haijui HEIC, ile aina ya faili za picha za iPhone, na siku laptopu ikifa Google wenyewe hawaitoi tena.

Sharti nililojiwekea ni moja na mengine yote yanatoka hapo: picha ni za mwenye picha na folda zake ndio ukweli. Programu haihamishi faili bila mwenyewe kuamuru, haibadili jina la faili, haiandiki kitu ndani ya picha. Ukiifuta kesho, kila kitu kiko vilevile ulivyokiacha, na majina ya watu uliyoyaandika unabaki nayo unaenda nayo popote.

Nitaendelea kushusha, ulizeni.

#2 (mdau, Mombasa)

Ndugu yangu hongera, kazi kama hii inahitajika sana huku kwetu pia. Swali langu, mbona usijenge na Electron, ile ya kutengeneza programu za kompyuta kwa teknolojia za wavuti, umalize mapema? Watu wa wavuti ni wengi utapata mikono ya kukusaidia haraka. Na hizi programu huria zilizoko umezijaribu ama umeamua tu kuanza yako?

#3 (mwanzisha uzi)

Asante ndugu. Nimezijaribu na nawaheshimu sana walioziandika. digiKam ina kila kitu, ningekuwa na mashine ya GB 16 nisingeandika hata mstari mmoja, ila kwenye laptopu ya mama mdogo akiifungua hana nafasi ya kufungua kitu kingine na madirisha yake yanamchanganya. Shotwell nzuri na rahisi lakini ni ya Linux, yeye yuko Windows na simhamishi kwa ajili yangu. Immich na PhotoPrism zinataka seva iwake muda wote. darktable hiyo ni ya kuchakata picha ghafi za kamera, kazi nyingine kabisa.

Electron nimeikataa kwa sababu kila programu inabeba Chromium nzima, yaani kivinjari kizima, mgongoni, yaani kabla hujaonyesha hata picha moja umeshakula memori ambayo hii mashine haina. Nimetumia C++ na Qt, maktaba ya kuchorea madirisha, ile ya kawaida yenye vitufe na orodha, basi.

Ila wakuu, memori haiishii hapo, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Picha ya simu ya megapikseli 12 ukiiona kwenye diski ni kama MB 4, unadhani ni kitu kidogo. Ukiifungua inakuwa pikseli 4000 kwa 3000, kila pikseli baiti 3, hiyo ni baiti milioni 36. Sasa weka picha 40 kwenye skrini, hesabu inakwenda karibu GB 1.5, na mama mdogo hajaanza hata kuskroli. Toleo langu la kwanza lilifanya hivyohivyo, nafungua picha nzima halafu naipunguza, ndio maana likawa linaganda kuliko hata Picasa.

Dawa iko ndani ya JPEG yenyewe. Picha ya JPEG imehifadhiwa kwa vigae vya 8 kwa 8, na maktaba ya libjpeg-turbo inakuruhusu kusema nifungulie kwa moja ya nane tu, ikachukua wastani wa kila kigae na kuacha yaliyobaki. Picha ileile inatoka 500 kwa 375, kama KB 560 badala ya MB 36. Kijipicha kinachotoka ni kizuri tu. Faili bado inabidi lisomwe lote kutoka kwenye diski, hilo halikwepeki, ila prosesa na memori vinapumua.

Kuna na njia ya mkato zaidi. Kamera nyingi na baadhi ya simu zinaweka kijipicha cha 160 kwa 120 ndani ya EXIF, yaani zile taarifa za picha kama tarehe na kamera, mwanzoni kabisa mwa faili, unasoma vipande vichache vya kwanza unakipata. Nakitumia kama cha muda, skrini inajaa mara moja halafu vizuri vinakuja nyuma yake. Angalizo: usikihifadhi kama cha kudumu. Kuna programu za kuhariri zinakata picha lakini kile kijipicha cha ndani zinakiacha cha zamani. Mtu kakata picha amtoe mtu fulani pembeni na kijipicha bado kinamwonyesha. Kwa studio hiyo ni siri ya mteja kutoka nje.

#4 (mdau, Mwanza)

Mkuu vijipicha unavihifadhi wapi? Mimi niliwahi kufanya kitu kama hiki kila kijipicha faili lake, kuja kunakili folda kwenye flashi ikalala mpaka asubuhi.

#5 (mwanzisha uzi)

Nilipita njia hiyohiyo mkuu. Faili vidogo 60,000 kwenye diski ya kuzunguka ni mateso, kile kichwa cha kusomea kinarukaruka tu. Sasa hivi vyote viko ndani ya databesi moja ya SQLite. Wenyewe SQLite walipima wakaona vitu vidogo vya kama KB 10 kuvisoma na kuviandika ndani ya databesi ni haraka kwa takriban 35% kuliko faili moja moja, na hakuna leseni ya kukusumbua maana Richard Hipp aliyeianza mwaka 2000 aliiacha iwe mali ya umma.

Ila kuna kosa nililofanya na nalisema ili mwingine asipoteze wiki kama mimi. Nilikuwa nathibitisha maandishi kwa kila picha. SQLite ikithibitisha inasubiri mpaka diski iseme kweli nimeandika, na diski ya mizunguko 7200 kwa dakika ni mizunguko 120 tu kwa sekunde, sasa hapo utapata uthibitisho wangapi? Makumi tu. Nikakusanya picha 500 nathibitisha kwa pamoja, kazi ya usiku kucha ikawa ya kunywa chai.

Na 500 sio 5000 kwa sababu ya umeme. Betri ya ile laptopu ilishakufa, umeme ukikatika inazima palepale. Nikiwa katikati napoteza 500 za mwisho tu, programu ikiwaka inaendelea ilipoishia, na databesi haiharibiki. Nimewasha ile hali ya WAL, ambapo mabadiliko yanaandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, na laptopu nimeizima kwa makusudi kwa kuchomoa waya mara nyingi sana huku naandika pembeni kilichotokea. Bado sijaikuta imeharibika.

#6 (mdau, mpiga picha, Tanga)

Kaka mimi si mtu wa kompyuta ila nimesoma yote maana hiyo habari ya msiba nimeiona kwangu mara nyingi mno. Nauliza mambo mawili. Picha nyingi wateja wananitumia WhatsApp nizisafishe, zile hazina tarehe kabisa, utazipangaje? Na la pili, mimi folda zangu naandika Kiswahili, nikitafuta kwenye kompyuta neno "watoto" hainiletei folda niliyoandika "mtoto". Hilo linanikera siku zote.

#7 (mwanzisha uzi)

Dada asante sana, maswali yako yote mawili yamenilaza macho.

La tarehe. Ni kweli WhatsApp inafuta taarifa za EXIF, lakini kwenye simu za Android jina la faili linabaki na siku, kama IMG-20230412-WA0007, hiyo ni tarehe 12 mwezi wa 4 mwaka 2023, picha ya saba au ya nane ya siku hiyo. Ni siku ilipopokelewa au kutumwa, sio iliyopigwa. Kwa hiyo nimeweka ngazi: kwanza tarehe ya kupigwa iliyo ndani ya EXIF, ikikosekana jina la faili, likikosekana ndio tarehe ya faili kwenye diski, na pembeni ya kila picha kuna alama inayosema hii tarehe nimeitoa wapi. Hiyo alama naing'ang'ania. Mtu anayetafuta picha ya marehemu akiambiwa 2015 kwa uhakika kumbe ni siku uliyonakili kutoka diski ya zamani, umempoteza.

Pia kuna kamera ambayo betri ndogo ya saa imeisha, kila ukiitoa betri kubwa inarudi tarehe 1 Januari. Mama mdogo ana folda nzima za harusi za "Januari". Nimeweka kitufe cha kusogeza tarehe za folda nzima kwa pamoja, na mabadiliko yanaandikwa pembeni, EXIF ya asili haiguswi.

La kutafuta sasa. Dada hili ulilosema ndilo linalonifanya niamini hii programu lazima iandikwe na sisi. Utafutaji wa kawaida kwenye hizi programu umejengwa kwa lugha ambazo neno linabadilika mkiani, ukiandika mwanzo wa neno inakuletea miisho yote. Kiswahili kinabadilika kichwani: mtoto watoto, mwalimu walimu, kitenge vitenge, bibi harusi mabibi harusi. Mwanzo wa neno ndio hasa unaoyumba. SQLite ina kitu cha kutafutia maneno kinaitwa FTS5, na tangu toleo la 3.34 la Desemba 2020 kina uwezo wa kukata maneno vipande vya herufi tatu tatu, hivyo ukiandika "toto" inakuta mtoto, watoto, kitoto, vitoto, popote kilipo ndani ya neno. Juu yake nimeandika kanuni chache za kuondoa viambishi vya ngeli ili mtu akiandika "watoto" yenyewe itafute "toto". Faharasa inakuwa kubwa zaidi lakini ni majina ya folda na watu tu, si vitabu, haina uzito wa kutisha. Kanuni zangu zinakosea kwenye majina ya watu, zinataka kumkata mtu anayeitwa Wanjiru ile "wa" ya mbele. Hapo nataka msaada wa mtu wa lugha kuliko mtu wa kompyuta.

Na saa pia. Mteja anasema "ilikuwa saa mbili usiku", ukiandika hivyo kwenye kisanduku inaelewa ni 20:00.

#8 (mdau, Dar)

Mzee hapo kwenye saa umeua. Vipi kuhusu picha zinazojirudia? Mimi nina picha moja mara nne, ya kamera, ya WhatsApp niliyotuma, ya WhatsApp iliyorudi, na niliyohifadhi tena. Ingekuwa inazifuta yenyewe ningefurahi.

#9 (mwanzisha uzi)

Kuzitambua inatambua, kufuta yenyewe hapana mkuu, na nitakueleza kwa nini.

Njia niliyotumia inaitwa dHash. Unaipunguza picha mpaka 9 kwa 8 ya kijivu, halafu kila pikseli unailinganisha na jirani yake wa kulia, imezidi mwanga andika 1, haijazidi andika 0, unapata alama 64. Picha mbili zikitofautiana alama chache tu basi ni ileile hata kama WhatsApp imeibana. Nyepesi sana, unaifanya palepale unapotengeneza kijipicha.

Nikaijaribu kwenye folda za mama mdogo. Harusi ikafanya vizuri. Nikaingia kwenye pasipoti nikashtuka: ikaniambia mamia ya watu ni mtu mmoja. Ukifikiria ni sawa kabisa, kichwa katikati, mabega chini, nyuma kitambaa cha bluu, ukiipunguza mpaka 9 kwa 8 sote tunafanana. Ingekuwa inafuta yenyewe ningekuwa nimemfutia mama mdogo wateja wake wa miaka. Kwa hiyo zinazofanana zinawekwa pembeni kwa pembeni, kubwa kushoto, na mwenyewe anaamua kwa jicho, na hata akisema futa zinakwenda kwenye folda ya kusubiri siku 30.

#10 (mdau, Mombasa)

Sawa nimekuelewa kuhusu Electron. Hizi nyota na majina ya watu unaweka databesi ama? Kwa sababu kama ziko kwenye databesi yako peke yake, umetufungia vilevile tu kama wale wengine.

#11 (mwanzisha uzi)

Umegusa roho ya jambo lenyewe ndugu.

Mama mdogo ametia majina kwenye nyuso za watu ndani ya Picasa kwa miaka. Kazi ya mkono, jioni kwa jioni. Nilidhani imepotea. Kumbe Picasa ilikuwa inaacha faili dogo la maandishi kwenye kila folda, limefichwa, linaitwa .picasa.ini, na ukilifungua kwa programu yoyote ya maandishi unaona: jina la picha, star=yes, na faces ikifuatiwa na rect64. Hiyo rect64 ni namba ya heksadesimali (inayotumia 0 mpaka 9 na a mpaka f) yenye tarakimu 16, unaikata vipande vinne, kila kipande unagawa kwa 65536, unapata kushoto, juu, kulia na chini ya uso. Jihadharini kitu kimoja, sifuri za mbele huwa zinaachwa, tarakimu zikipungua 16 jazia sifuri upande wa kushoto, nililala njaa siku mbili kwa sababu ya hilo, nyuso zilikuwa zinatua ukutani.

Nilipomaliza kusoma zile faili na majina yakatokea juu ya nyuso kwenye programu mpya, mama mdogo alivuta kiti akakaa. Akawa anayasoma majina kwa sauti. Wengine wameshatangulia.

Kwa hiyo ndugu jibu langu: kila jina, kila nyota, kila maelezo yanaandikwa kwenye faili la pembeni la XMP, muundo wa maandishi wa kuhifadhi maelezo ya picha, karibu na picha yenyewe. XMP ni ya Adobe tangu 2001 na imekuwa kiwango cha ISO tangu 2012, digiKam wanaisoma, darktable wanaisoma. Databesi yangu ni akiba tu, ukiifuta inajijenga upya kutoka kwenye folda. Jina la faili ni picha.jpg.xmp na sio picha.xmp, kwa sababu mwenye kamera anakuwa na IMG_1.jpg na IMG_1.CR2 (picha ghafi) kwenye folda moja na zingegombania faili moja.

Kwa sababu hiyohiyo naacha kuzungusha picha na kuihifadhi upya. EXIF ina namba ya mwelekeo, 1 mpaka 8, naisoma na kuonyesha picha ikiwa imesimama sawa. Ukifungua JPEG ukaihifadhi tena kila mara inapoteza kidogo, na picha ya 2009 ya megapikseli chache haina cha kupoteza.

#12 (mdau, Mwanza)

Leseni? Na utambuzi wa nyuso wa kujiendesha utaweka lini?

#13 (mwanzisha uzi)

GPL toleo la 3, yaani anayeigawa lazima naye aache msimbo wazi kwa masharti yaleyale. Natumia Exiv2 kusoma EXIF na XMP, na yenyewe ni GPL, kwa hiyo hata ningetaka leseni legevu nisingeweza kuigawa hivyo. HEIC nimeiweka kama nyongeza ya hiari kupitia maktaba ya libheif, ndani ya HEIC kuna HEVC, njia ya kubana picha yenye hataza nyingi, na sitaki mtu anayeigawa apate kesi kwa ajili yangu.

Nyuso za kujiendesha siweki kwa sasa. Uzito ni sababu moja. Nyingine ni kwamba hawa ni wateja waliokuja kupiga pasipoti, hawakukubali nyuso zao zichambuliwe na mashine. Mama mdogo anawajua kwa jina, nimemrahisishia kuandika tu: herufi tatu za mwanzo, jina linatokea, kitufe kimoja, picha inayofuata.

Ninachohitaji: mtu wa Qt anisaidie kuskroli kwenye folda yenye picha 8,000, bado inakwama kidogo ikifika katikati. Mtu wa lugha kwa zile ngeli. Na watu wenye folda chafu za kweli, maana za kwangu nimeshazizoea.

#14 (mdau, mpiga picha, Tanga)

Kaka folda chafu ninazo, za kuanzia 2009, diski mbili. Jumamosi sina harusi, nitaijaribu. Nifanyeje nisije nikaharibu?

#15 (mwanzisha uzi)

Dada nashukuru sana. Nakili folda moja tu kwanza kwenye flashi, usianze na diski nzima. Ifungue programu, ielekeze kwenye flashi, iache imalize. Halafu rudi kwenye folda yako ya asili, hesabu faili, hesabu na za kwenye flashi. Picha zilingane idadi na ukubwa, kitakachozidi kwenye flashi ni vile vifaili vya .xmp tu na viwepo pale ulipoandika jina au nyota. Ukikuta kingine chochote kimeongezeka au kimepungua usiendelee, niandikie hapahapa hata kama ni usiku.